Ripoti ya mbegu iko sawa lakini mtoto haji, hizi RNA ndogo ndo zinatumaliza?

#1 MkaziWaUmoja
Habari wadau. Mimi na bibi tumetafuta mtoto miaka sasa. Yeye amepimwa mpaka amechoka, mirija iko wazi, mayai yanatoka, homoni hazina shida. Mimi nimepimwa manii ripoti ikarudi safi, milioni 43 kwa mililita, zinazosonga mbele asilimia 48, umbo zuri asilimia 6. Daktari akaandika sababu haijulikani basi. Sasa kuna mahali nimeambiwa wana kipimo kipya cha RNA ndogo zilizo ndani ya mbegu, bei elfu thelathini na tano, na ukishapimwa kuna dawa unaanzishiwa. Nimesoma soma nikaona hizi RNA ni kitu cha kweli, wanasayansi wanazitaja sana kwa wanaume wasiozaa. Msimamo wangu ni kwamba shida yangu iko hapo kwa sababu vingine vyote vimepimwa. Nani anaelewa hii kitu kabla sijatoa pesa?

#2 KijanaWaRongai
Nafuatilia kwa karibu. Usitoe pesa kwanza.

#3 MamaPendo
Mkazi pongezi kwa kwenda kupimwa, wanaume wengi hawaendi. Dada yangu alizungushwa kila mahali, maombi, mitishamba, kusafishwa kizazi, mama mkwe anamuita shamba kame mbele ya wageni, na huyo bwana anakaa kimya tu sebuleni anaangalia mpira. Alipokubali kupima ikapatikana hana hata mbegu moja. Hata moja! Na hakuna mtu wa ule ukoo amewahi kumuomba dada yangu msamaha mpaka leo. Watu wajue, karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto mwanaume ana mchango wake, ama peke yake ama wote wawili. Shirika la Afya Duniani, WHO, walisema 2023 mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia hii shida wakati fulani maishani, kwa hivyo sio laana ya nyumba ya mtu.

#4 MsomiWaSouthB
Ngoja niseme kidogo maana hii ndio kitu nilisomea. RNA ni ujumbe unaonakiliwa kutoka DNA. RNA ndogo ni vipande vifupi sana vya hiyo RNA, havitengenezi protini, kazi yake ni kuamua jeni gani inyamaze na gani iongee, na kwa kiasi gani. Kwa uzazi wa mwanaume zinatajwa hasa aina tatu. Kuna maikro-RNA, herufi 22 hivi, ya kwanza ilipatikana kwa mnyoo na kina Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakachapisha 1993, na Nobel ikakuja 2024. Kuna piRNA, herufi kama 24 mpaka 31, zilielezwa kwa korodani za panya 2006, na korodani ndio nyumbani kwao. Halafu kuna vipande vinavyokatwa kutoka tRNA, zile RNA zinazobeba malighafi ya kujenga protini, na kwa mbegu ya panya iliyokomaa hivi ndio vingi kuliko vingine.

Hizi piRNA ndio napenda zaidi. Karibu nusu ya DNA yetu imetokana na jeni rukaji, vipande ambavyo vinajua kujinakili na kujibandika mahali pengine. Nyingi zimekufa lakini sio zote. Kuna wakati, mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, seli zitakazokuja kuzaa mbegu zinavuliwa zile alama za kufunga DNA, kila kitu kinakuwa wazi, na hapo jeni rukaji zinapata nafasi ya kutapakaa kama wachuuzi Tom Mboya saa kumi na mbili jioni. piRNA ndio kanjo, wale askari wa jiji. Zinashikana na protini za PIWI, zinatambua kila jeni rukaji kwa mfuatano wake wa herufi na kuifunga tena. Panya dume ukimtoa protini hizo hazai kabisa.

#5 FundiWaGikomba
Msomi heshima yako lakini mimi natandaza nguo hapo hapo Tom Mboya na sijawahi kuharibu DNA ya mtu. Kwa nini sisi ndio tuwe ugonjwa na kanjo wawe dawa?

#6 KijanaWaRongai
Fundi ameongea kwa uchungu 😂 Msomi tafuta mfano mwingine.

#7 MsomiWaSouthB
Fundi usikasirike ndugu yangu, hata jeni rukaji zina faida zake, mageuzi mengi ya viumbe yamepitia kwao. Tuendelee.

#8 MaabaraMjini
Mimi nafanya kazi maabara, mbegu ndio naziangalia kila siku. Mkazi, hiyo ripoti unaiita safi kwa sababu imepita viwango vya WHO vya 2021, yani ujazo mililita 1.4, milioni 16 kwa mililita, zinazocheza kwa jumla asilimia 42, zinazosonga mbele 30, umbo 4. Sawa imepita. Lakini watu hawajui hizo namba zilitoka wapi. Walichukua wanaume ambao wenzao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja wakaangalia asilimia 5 ya chini kabisa. Sio ukuta kwamba ukiwa juu unazaa na ukiwa chini huzai, mtu wa milioni 10 anaweza kuwa baba na wa 60 akahangaika. Kipimo chetu kinahesabu, kinaangalia mwendo na umbo, hakisomi kilichobebwa ndani ya kichwa cha mbegu, kwa hapo Mkazi uko na hoja.

Na ulipima mara moja ama zaidi? Uliacha tendo siku ngapi? Inatakiwa 2 mpaka 7. Sampuli ilifika maabara ndani ya saa moja? Kuna jamaa aliniletea kwa kondomu ya dukani, ameifunga fundo vizuri, ameweka kwa mfuko wa jaketi akapanda matatu na foleni ya Jogoo Road. Kuangalia chini ya maikroskopu, mbegu zimelala zote. Yale mafuta ya kondomu huwa yanaziumiza, na muda nao ulikuwa umeenda. Angeandikiwa ripoti hiyo hiyo angelia bure. Tulimpa kichupa akarudia hapo hapo kituoni, zikaogelea vizuri tu.

#9 MpwaniWaEastleigh
Salaam. Ndugu zangu mnazunguka mbali. Joto ndilo adui. Korodani Mungu aliziweka nje kwa sababu zataka ubaridi, digrii mbili hivi au zaidi chini ya joto la mwili. Leo kijana yuaketi kutwa na kompyuta mapajani, suruali imembana, jioni bodaboda, na shavu limejaa miraa. Huko RNA mwaenda kutafuta nini?

#10 RaiderWaKawangware
Mpwani acha bodaboda bana. Mimi niko barabarani kutoka asubuhi mpaka usiku na nina watoto wanne, wote wananifanana mpaka masikio.

#11 MpwaniWaEastleigh
Alhamdulillahi kwa watoto wako. Lakini mtu mmoja si ushahidi, kuna wavutaji sigara wanaofika miaka tisini pia.

#12 DaktariMtarajiwa
Niko mwaka wa nne wa udaktari, nirudi kwa #4. Maelezo ya piRNA ni mazuri lakini hayamhusu Mkazi. Kwa binadamu, jeni za ile njia ya piRNA zikivunjika mara nyingi matokeo ni mbegu kukosekana kabisa ama kuwa chache mno. 2021 kulichapishwa utafiti wa jeni inaitwa PNLDC1, ile inayopunguza ncha ya piRNA mpaka ifike urefu wake. Wanaume waliorithi nakala mbovu kutoka pande zote mbili, utengenezaji wa mbegu unasimama katikati, hakuna kinachotoka. Mtu wa milioni 43 piRNA zake zilifanya kazi, la sivyo asingekuwa na hizo milioni. Kwa hivyo kama kuna RNA za kulaumu kwa Mkazi ni zile zingine.

#13 MsomiWaSouthB
Hapo umenena Daktari, nakubali kwa piRNA. Zile zingine ndio hizi. Mbegu iliyokomaa haitengenezi RNA mpya, DNA yake imekunjwa imekazwa na protini zinaitwa protamini. Zamani watu walidhani RNA iliyobaki ndani ni mabaki tu. Siku hizi tunajua mbegu ikitoka korodani inapita kwenye epididimisi, ule mrija mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, na huko inapokea vifuko vidogo sana vyenye RNA. Yani inapakiwa mzigo njiani, halafu mzigo unaingia kwa yai. Kuna maikro-RNA inaitwa miR-34c. Utafiti wa panya wa 2012 ulionyesha ukiizuia ndani ya yai lililorutubishwa, ule mgawanyiko wa kwanza unasumbua. Sasa fikiria mwanaume ana mbegu nyingi zinaogelea vizuri lakini mzigo haujakamilika. Maikroskopu ya Maabara itaona nini?

#14 DaktariMtarajiwa
Lakini malizia hadithi yenyewe. 2015 kikundi kingine kikachukua panya waliotolewa miR-34b na 34c kabisa, na wakazaa kawaida. Ukitoa pamoja na ndugu zake wa miR-449 ndio dume anakuwa mgumba. Na 2019 ikaonekana sababu kubwa sio yai hata kidogo. Kuna vijirija vinavyotoa mbegu korodani kupeleka epididimisi, ndani vina vinyweleo vinavyokoroga maji ili mbegu zisishikane. Bila hizo maikro-RNA vinyweleo havikui vizuri, mbegu zinagandana na kuziba njia. RNA ni zile zile lakini ugonjwa ni tofauti kabisa na ule wa 2012. Ndio maana mtu akikuuzia kipimo cha kibiashara leo, muulize anapima ipi na itamwambia nini cha kufanya.

#15 MsomiWaSouthB
Panya sio mtu na vikundi viwili havikutumia njia moja, kuizuia ghafla ndani ya yai ni tofauti na mnyama aliyezaliwa bila hiyo jeni, mwili unajua kufidia. Mimi bado nasimama na mzigo wa mbegu.

#16 DaktariMtarajiwa
Na mimi bado nasimama na mabomba, vile vijirija vya kutoa mbegu.

#17 WamboWaKasarani
Nyinyi wawili mnanifurahisha, endeleeni. Swali, chakula kinaingia wapi? Nimeskia ati sukari.

#18 MsomiWaSouthB
Iko. 2016 zilitoka tafiti mbili pamoja, panya dume wakilishwa mafuta mengi ama protini kidogo vile vipande vya tRNA kwa mbegu vinabadilika na watoto wao wanaonyesha tofauti kwa jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Halafu 2019 Sweden wakachukua wanaume 15 wazima, wiki ya kwanza chakula bora, ya pili wakaongezewa sukari nyingi, na vipande vikabadilika kwa hizo siku chache tu.

#19 WamboWaKasarani
Kwa hivyo nimkatie bwanangu chai ya sukari vijiko vinne?

#20 MaabaraMjini
Mkatie kwa ajili ya kisukari Wambo, hiyo iko wazi bila RNA. Lakini wale 15 hakuna aliyetafutiwa mimba, walipimwa mbegu tu, na mwendo wa mbegu kwa walio wengi ulipanda wala haukushuka. Usije ukasema sukari inazuia mimba, ama inaleta.

#21 BabaMapacha
Wengine mnasahau gym. Binamu yangu alitanuka kifua, mabega, kila mtu anamsifu, kumbe ni sindano za testosteroni. Alipooa mtoto hakuna, kupima zimebaki za kuhesabu. Ubongo ukiona testosteroni nyingi kwa damu unaacha kutuma FSH na LH, zile homoni zinazoamrisha korodani, na korodani inazima kazi. Aliacha, ikachukua miezi mingi, mbegu zikarudi taratibu na leo ana msichana. Cha kuuma ni kwamba kuna mtu wa duka alimuuzia hizo sindano akimwambia zinaongeza nguvu za kiume na uzazi! Mkazi wewe unatumia kitu kama hicho?

#22 MkaziWaUmoja
Asanteni sana wote. Situmii sindano, sivuti sigara, miraa ni mara moja moja sana. Nilipima mara moja. Siku za kuacha tendo hakuna aliyeniuliza.

#23 MuuguziWaHuruma
Mkazi nikuulize kitu moja. Kuna daktari yeyote amewahi kukushika korodani ukiwa umesimama?

#24 MkaziWaUmoja
Hapana. Nilipewa kichupa, nikaingia choo, nikarudisha dirishani. Ripoti nikapewa kwa bahasha.

#25 MuuguziWaHuruma
Basi usiseme vingine vyote vimepimwa, kaka yangu. Bibi yako ameingizwa mitambo, amepigwa picha za mirija kwa maumivu, na wewe hujavua hata suruali. Kuna varikosili, mishipa ya damu inayovimba juu ya korodani, mara nyingi upande wa kushoto, mtu akiishika akiwa amesimama inajulikana kama iko. Wanaume 15 hivi kati ya 100 wanayo na wengi wanazaa bila shida, lakini kwa wanaotafuta mtoto wa kwanza wakakosa inafika 35 mpaka 40. Inaongeza joto, na hapo Mpwani yuko sahihi. Ukiwa na ripoti nzuri kama yako daktari anaweza asikufanyie upasuaji, lakini angalau ijulikane. Na uulizwe kama uliwahi kuugua matubwitubwi ukiwa mkubwa, kisonono, korodani kutoshuka utotoni. Kuuliza ni bure kabisa na hakuna aliyekuuliza. Hii kitu inanikasirisha sana, tunawachosha akina mama na wanaume tunawapitisha dirishani.

#26 MamaPendo
Muuguzi Mungu akubariki. Hio ya dirishani ndio ilimtokea shemeji.

#27 MzeeWaMakadara
Vijana, zamani watu walikuwa wanazaa kumi, leo mmoja anatafutwa kwa tochi. Mimi naona ni dawa za shambani na hii mboga inayonyweshwa maji machafu. Nakumbuka habari ya Marekani 1977, wafanyakazi wa kiwanda California waliokuwa wanachanganya dawa ya minyoo ya udongo, DBCP, walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe ndio wakagundua hawapati watoto. Kupimwa, wengi mbegu hakuna ama ni chache mno. Na kuna utafiti wa 2017 uliosema mbegu za wanaume duniani zimepungua nusu.

#28 DaktariMtarajiwa
Shikamoo Mzee. Ya DBCP ni kweli kabisa. Ya 2017, ule upungufu wa asilimia 52 kutoka 1973 mpaka 2011 ulikuwa wa Amerika Kaskazini, Ulaya, Australia na New Zealand, sio dunia nzima. 2022 ndio walirudia wakiongeza Afrika, Asia na Amerika Kusini na wakaona mteremko huko pia, ila wapo wanaobishana na jinsi walivyohesabu.

#29 MzeeWaMakadara
Marahaba. Sawa, lakini mimi kwa mboga sijabadilisha mawazo. Nimelima.

#30 MtuWaKayole
Mkazi, mimi nililipa kipimo kama hicho, mahali sitataja. Nikapewa karatasi ya rangi nzuri, mistari inapanda na kushuka, mwisho imeandikwa RNA haziko sawa. Dawa kufungua ni vitamini E, zinki na seleniamu, hizo hizo za duka la dawa lakini bei mara nne. Bibi alishika mimba mwaka huo. Wao wanasema ni dawa yao, mama yangu anasema ni maombi yake, mimi nafikiri ni kwa sababu nilihama kazi ya usiku nikaanza kulala nyumbani.

#31 KijanaWaRongai
😂 Hio ya mwisho ndio utafiti wa maana.

#32 MsomiWaSouthB
Mkazi nikujibu swali lako wazi. Mimi naamini hizi RNA zitaeleza baadhi ya hizi "sababu haijulikani", na sio maneno ya kuuza. Lakini leo hazimo kwenye vipimo vya kawaida vya manii, hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kusema hii ni nyingi hii ni kidogo, na hakuna dawa ya kuzirekebisha. Pale zinapokaribia kuingia kliniki ni kwa wasio na mbegu kabisa, kwa sababu maji ya manii yanabeba RNA kutoka korodani, na watafiti wanatafuta jinsi ya kutofautisha njia iliyoziba na korodani isiyotengeneza bila kumpasua mtu. Elfu thelathini na tano yako rudia nayo kipimo cha manii baada ya miezi mitatu hivi, kwa sababu mbegu inachukua kama siku 74 kutengenezwa na wiki moja mbili kupita epididimisi, na ukaguliwe na daktari wa mkojo na uzazi wa kiume. Inayobaki weka, mkifika kwa upandikizaji wa mimba mtaihitaji.

#33 MkaziWaUmoja
Nimekuskia. Nitaanza na kukaguliwa wiki hii. Ila mzigo wa mbegu bado naona ndio yangu.

#34 DaktariMtarajiwa
Mabomba, Mkazi. Mabomba.

#35 MgeniMpya
Samahani kuingilia, nimesoma uzi wote. Mimi ni kama huyo shemeji wa MamaPendo, ripoti mbili zote sifuri. FSH imesoma 21 na korodani nimeambiwa ni ndogo. Nimeambiwa nipasuliwe zitafutwe ndani. Nikubali?

#36 DaktariMtarajiwa
Pole kaka. FSH ya juu hivyo na korodani ndogo inaelekea zaidi kwa korodani isiyotengeneza kuliko njia kuziba, kwa hivyo hapa hata mimi naachana na mabomba. Kabla ya kisu omba kipimo cha kromosomu, kuna wanaume wenye X ya ziada, kama 1 kati ya 600, na wengi hawajui. Halafu kipimo cha vipande vinavyokosekana kwa kromosomu Y. Hizi jeni za piRNA za Msomi ndio mahali pake hapa, ila zitakuja baadaye kama hayo mawili yametoka sawa.

#37 MgeniMpya
Ya Y nimetoa damu, nasubiri majibu. Bibi hajui ripoti zinasema sifuri.

#38 MamaPendo
Mwambie kabla majibu hayajatoka, tafadhali. Nenda naye kuyachukua. Dada yangu aliumia zaidi kwa kufichwa kuliko kwa ile sifuri.

#39 MaabaraMjini
Na yakitoka angalia herufi, yani ni sehemu gani ya kromosomu Y inakosekana, AZFa, AZFb ama AZFc. Ikikosekana AZFa yote ama AZFb yote, usikubali kupasuliwa, kupata mbegu hapo ni karibu haiwezekani. Ikiwa AZFc peke yake, nafasi ipo nzuri tu, mbegu ikipatikana inadungwa moja kwa moja ndani ya yai, njia waliyoanza Brussels 1992. Ila jueni mapema kwamba mtoto akiwa wa kiume ataurithi huo upungufu. Weka majibu hapa tukusomee.